Mguu wa Shangazi Otilia

Mpaka leo mguu wangu ukifa ganzi, kitu cha kwanza ninachofanya si kuunyoosha. Natazama kwanza nani yumo ndani ya nyumba. Juzi nilikuwa nimekaa chini jikoni nachambua mchele, mguu mmoja nimeukunja na kuukalia, na wifi yangu aliyekuja kututembelea alikuwa pembeni anamenya vitunguu. Nilipotaka kuinuka, mguu haukuwepo. Nikaupapasa kama wa mtu mwingine. Kisha ukaanza kuchomachoma, na macho yangu, bila kuniomba ruhusa, yakaenda moja kwa moja kwa wifi. Maskini, hana habari, machozi ya vitunguu yanamtoka.

Nikajionea aibu. Mimi ni mtu mzima, shule nimekwenda, na sababu ya mguu kufa ganzi naijua tangu nikiwa na miaka kumi. Tena niliijua kabla ya watu wazima wote wa kwetu. Lakini kujua ni jambo moja, na kulelewa na Shangazi Otilia ni jambo jingine kabisa.

Kwetu ni Mpepai, upande wa Mbinga, kwenye kahawa na mahindi. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo sana, ninachokumbuka ni kitenge chake tu, uso siukumbuki. Shangazi Otilia, dada mkubwa wa Baba, akaacha nyumba aliyoolewa akaja kunilea. Alinilea kwa mapenzi, hilo sitalificha. Lakini alikuwa mtu wa kushuku, na kushuku alinifundisha kama wenzangu walivyofundishwa kusuka ukili. Aliushuku mzani wa dukani. Aliishuku redio, kwa nini inaendelea kusema hata kama hakuna anayeisikiliza. Padre mpya alipokuja parokiani, Shangazi alimshuku kwa sababu alikuwa anacheka sana. "Mtu akicheka hivyo, mwanangu, kuna kitu anaficha," aliniambia tukitoka Misa, nami nikatikisa kichwa kukubali, nikajiona nimeshakuwa mkubwa.

Miaka yenyewe ilikuwa ile ya ruksa. Mliokua wakati ule mtakumbuka: ghafla dukani kuna sabuni za rangi, kuna mitumba, kuna biskuti zisizohitaji foleni. Chama cha ushirika kilichokuwa kinachukua kahawa yetu kikaanza kuyumba, na Baba, ambaye hakuwa mtu wa kusubiri, akaanza kushusha maharage ziwani na kupandisha usipa, wale dagaa wa Nyasa. Aliondoka na lori Jumatatu, akarudi Alhamisi ananuka samaki. Alhamisi moja alishuka na magunia mawili ya usipa na mwanamke mmoja.

"Huyu ni Edina, kwao Mbaha," akaniambia. "Kuanzia leo ni mama yako."

Edina akapiga goti mbele ya Shangazi. "Shikamoo, wifi."

"Marahaba," akajibu Shangazi, akimtazama miguu.

Nyumba yetu ilianza kusema Kiswahili siku ile. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa cha shule, cha kanisani na cha mnadani. Nyumbani tulisema Kimatengo. Edina alikuwa na Kinyasa chake, kwa hiyo ikabidi sote tukutane kwenye Kiswahili. Shangazi akitaka kumsema alirudi kwenye Kimatengo, palepale mbele yake, nami nikacheka kwa sauti ili Edina ajue kuna kitu amekikosa. Alikuwa Mwanglikana, hilo nalo likawekwa kwenye kumbukumbu. Alipenda ugali wa muhogo, likawekwa. Halafu kulikuwa na ule mchanga.

Alikuja na mfuko wa mchanga. Mchanga mweupe wa ufukweni, msafi, kama chumvi. Kwao masufuria yanasuguliwa kwa mchanga, na karanga zinakaangwa ndani ya mchanga wa moto ili zisiungue. Udongo wetu ni mwekundu na unanata, haufai kwa lolote kati ya hayo, na yeye alikuwa amelijua hilo akabeba wa kwao. Karanga zake zilikuwa tamu, nyie acheni! Nilizila nyuma ya nyumba ili Shangazi asinione.

"Mtu anahama na mchanga?" Shangazi aliuliza kwa Kimatengo, mikono kiunoni. "Tangu lini? Kwetu hakuna udongo?"

Mimi nilikuwa na mashaka yangu mwenyewe. Edina alinisuka nywele bila kunivuta, vizuri kuliko Shangazi, kwa hiyo nikajiuliza anataka nini. Alinishonea kiraka cha sare ya shule kabla sijamwambia imechanika. Baba alikuwa anamsikiliza akisema, anatega sikio kabisa, na mimi nilikuwa na wivu, tuliseme lilivyo. Sikumwita Mama. Sikumwita kitu chochote. Nikiwa na haja naye nilisimama mpaka anitazame, ndipo niseme.

Mwaka huohuo wakaja wanunuzi binafsi wa kahawa. Yule wa ushirika alikuwa anapokea gunia anaandika, basi. Hawa walikuja na pikapu, wakazamisha mkono mpaka chini kabisa ya gunia, wakachota konzi moja wakaimwaga kwenye sahani, wakaanza kutoa kasoro. Hii imepasuka. Hii ina doa. Hii ganda tupu. Mama, rudi nyumbani ukachambue. Walimrudisha Shangazi mara moja tu, mbele ya majirani waliopanga foleni nyuma yake, na kwa mtu kama Shangazi mara moja ilitosha.

"Hawatanirudisha tena," akasema, akatandika mkeka barazani.

Nauona mkao wake hata sasa. Aliukunja mguu wa kulia, akaukalia, ungo akaupakata juu ya paja la kushoto, akaanza kuchambua punje moja moja. Alikaa baada ya chai ya asubuhi, akainuka jua likiwa limeshapita upande wa pili wa nyumba. Kusogea hakutaka, maana mafungu yangechanganyika. Msaada hakutaka, maana macho ya mtu mwingine hakuyaamini. Ilikuwa kipupwe, ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, vidole vinaganda, na yeye amekaa tu. Edina alimwendea zaidi ya mara moja. "Wifi, nipe ungo, nyoosha mwili kidogo." Shangazi hakuinua hata uso.

Mwanzoni mguu ulikuwa unachomachoma tu anapoinuka. Aliupigapiga, akasema sisimizi wameingia, akacheka. Wiki ya tatu hakucheka. Siku moja tulikuwa tunakwenda kwa jirani, yeye mbele mimi nyuma, nikaona ndala yake imebaki njiani na yeye anaendelea kutembea.

"Shangazi, ndala yako!"

"Ndala gani?"

Akatazama chini, akauona mguu wake mtupu umejaa vumbi. Hakuwa amesikia chochote. Nilimpelekea ile ndala, akajaribu kuivaa, na kidole gumba kikakataa kuinuka. Akakitazama. Akakiamuru, namaanisha akakisemesha kabisa, "Inuka wewe," na kidole kikalala. Nilikuwa sijawahi kumwona Shangazi anaogopa, na nikaogopa kuliko yeye.

Tangu siku hiyo mguu ulikuwa unapiga chini, pwa, pwa, akawa anainua goti juu kama mtu anayevuka maji. Ukimgusa juu ya unyayo hasikii. Usiku analalamika unawaka, mchana anasema haupo. Baba alimletea dawa ya kuchua kutoka dukani, ikawasha ngozi na kunukisha nyumba nzima, mguu ukabaki vilevile.

Kwetu mguu haukufa wenyewe. Mguu ulikanyaga kitu. Mtu anayekutakia mabaya anatega dawa njiani au mlangoni, anataja jina lako, na wengine wote wanapita salama, wewe ukipita unaanza na ganzi. Hilo kila mtoto alilijua kama alivyoijua Baba Yetu. Majirani waliokuja kumwona Shangazi walikaa, wakaupapasa mguu, wakaguna, na kabla ya kuondoka wakatazama kidogo upande wa jikoni, alikokuwa Edina.

Sasa niwaeleze nilichokiona. Mashine yetu ya kumenyea kahawa ilikuwa juu kidogo ya nyumba, na maji ya kuoshea kahawa yaliteremka mpaka mlangoni yakafanya utelezi mbaya sana. Shangazi na ule mguu wake alishaanguka pale mara moja. Asubuhi moja niliamka kabla ya wengine, nikamkuta Edina amepiga magoti kizingitini na mfuko wake wa mchanga. Anachota, anamwaga, anashindilia kwa kiganja. Midomo inachezacheza, labda anaimba, labda anasali, sijui.

Aliponiona hakushtuka. "Namwaga mchanga kidogo hapa, shangazi yako asiteleze," akasema. "Na wewe ukitoka, kanyaga hapahapa."

Mimi sikuwa nimemuuliza. Na Shangazi alikuwa amenifundisha vizuri: mtu anayejibu kabla hajaulizwa ana jambo lake. Nikaona sasa nimemshika. Nikaruka kizingiti kwa hatua moja ndefu, nisiguse hata punje, nikaenda zangu chooni.

Siku mbili baadaye nilikuwa namwagia Shangazi maji ya uvuguvugu mguuni. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za shule.

"Hebu niambie, mwanangu. Umewahi kumwona mlangoni?"

"Nimemwona."

"Anafanya nini?"

"Anamwaga mchanga wake. Amepiga magoti."

Mkono wake ukanishika mkono. "Alisema kitu?"

"Midomo ilikuwa inachezacheza."

"Alinitaja?"

"Alikutaja," nikasema.

Na alikuwa amemtaja kweli. Hapo hakuna neno moja la uongo. Yaliyobaki, kwamba alisema asiteleze, niliyameza. Sikuyasahau, niliyameza nikiyajua, kwa sababu Shangazi alikuwa amenishika mkono na ananitazama kama mtu aliyenisubiri miaka mingi. Wala hakuna aliyeuliza mchanga ule ulimwagwa lini. Mguu ulikuwa umeshakufa muda mrefu kabla ya mchanga, na mimi nilijua, na hilo nalo nikalinyamazia.

Kikao kilifanyika Jumapili baada ya Misa. Baba Mkubwa, kaka yao Baba na Shangazi, ndiye aliyekiendesha, na alikiendesha kwa Kimatengo ili mambo ya ukoo yabaki ya ukoo. Edina alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Baba Mkubwa alipomaliza kueleza, kabla Baba hajafungua mdomo kutafsiri, Edina akajibu. Akajibu kwa Kimatengo. Kilikuwa na lafudhi ya ziwani lakini kilikuwa Kimatengo.

"Nilimwaga mchanga kwa sababu ya utelezi. Sijui kitu kingine."

Loo! Mngeona nyuso zile. Nikakumbuka kila kitu alichosemwa mbele yake, na kicheko changu juu yake. Lakini Baba Mkubwa aligeuza jambo palepale. "Amejifunza lugha kimyakimya," akasema. "Ili iweje?" Na watu wakaguna, kwamba kweli, ili iweje.

Edina akaninyooshea mkono. "Mtoto huyu nilimwambia. Nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba ni utelezi. Mwulizeni."

Wote wakanigeukia. Baba akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Alikuwa anataka niseme ndiyo, niliona. "Sema, mwanangu. Usiogope. Alikuambia?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nyuma yangu alikuwa Shangazi, nasikia pumzi yake.

"Sikumbuki," nikasema.

Basi, ilikuwa imekwisha. Baba Mkubwa akaamua Edina arudi kwao kwa muda, mpaka mguu ujulikane. Baba alibisha, akasema mke ni wake, na Baba Mkubwa akamuuliza kama dada yake si wake. Mchanga wa kizingitini ulikwanguliwa kwa jembe ukatupwa chooni, pamoja na ule uliobaki kwenye mfuko. Jumatatu Edina alipanda lori la Baba. Alinitafuta kwa macho kabla halijaondoka, nikajificha nyuma ya sketi ya Shangazi.

Na mguu ukapona! Hapo ndipo nilipochoka. Msimu ukaisha, kahawa ikanunuliwa bila kurudishwa hata gunia moja, mkeka ukakunjwa ukawekwa darini, Shangazi akarudi kwenye kuchimba ngoro, yale mashimo ya kulimia ya kwetu milimani, na kupanda, kutwa nzima yuko wima au ameinama. Kidogo kidogo kidole kikaanza kuitika. Kuwaka kukapungua. Krismasi alicheza kanisani na kwaya, mguu unakanyaga kama wa msichana. "Mnaona?" alimwambia kila aliyempa pongezi. "Ameondoka, mguu umerudi." Nani angebisha? Hata mimi niliamini. Nilipumua, nikajiona nimemwokoa Shangazi wangu, na lile neno nililolimeza likatulia tumboni. Baba peke yake hakushangilia. Alikula, akanawa, akatoka nje.

Msimu uliofuata nilikuwa na miaka kumi, na Shangazi akaona nimefaa kufundishwa kuchambua. "Macho yako ni kama yangu," alisema, na sikuwahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo. Akanikalisha mkekani. "Kunja mguu hivi. Ukalie, usitikisike."

Nilichambua mpaka nikasahau kama nina miguu. Aliponituma maji nikainuka, nikaanguka chini kifudifudi, kahawa ikamwagika. Mguu umekufa. Nikapiga kelele kwamba amerudi, amerudi yule. Shangazi akageuza mkeka, akapapasa chini yake, akachungulia kizingiti. Hakukuwa na kitu. Wakati anatafuta, mguu ukaanza kuchomachoma, kisha ukarudi wenyewe.

Mtoto mwingine angeshukuru akaendelea na mambo yake. Mimi nilikuwa nimefundishwa kushuku. Nikajiuliza, mtu aliyeko Mbaha ananionaje mimi huku? Kesho yake nikakaa mkao uleule kwenye jiwe la mtoni, mahali ambapo Edina hakuwahi kufika. Mguu ukafa. Nikakalia wa kushoto, ukafa wa kushoto. Nikanyoosha, ukarudi. Shuleni nikamshawishi rafiki yangu Desderia akae hivyo mapumziko yote tukicheza kete, na yeye Edina hakumjua hata kwa sura. "Mama yangu wee, mguu wangu!" akalia Desderia, anacheka na kulia pamoja, na mimi sikucheka. Kama mguu unakufa kwa kukaliwa tu, basi nilijua kwa nini wa Shangazi ulikufa, na kwa nini ulipona mkeka ulipokunjwa. Na nilijua nilichomfanyia yule mama.

Mngedhani nilikimbia nyumbani kusema. Wapi! Nilinyamaza wiki mbili nzima. Nilianza kuchambua nikiwa nimekaa kwenye kigoda, Shangazi akaniita mvivu. Nikamtazama amekalia mguu wake, saa baada ya saa, nikaomba Mungu iwe nimekosea, mguu usife. Ukafa. Ukafa vilevile kama mwaka uliopita, ndala ikaanza kubaki njiani.

Shangazi aliniita chumbani. Akafunga mlango, akanishika mkono.

"Mwanangu. Mke wa Baba Mkubwa alikuja hapa juzi. Ulimwona pale mlangoni?"

Ilikuwa sauti ileile ya taratibu. Nikaelewa kwamba kilichohitajika ni mimi kusema nimemwona, na mambo yote yangeanza upya na mwanamke mwingine. Mwaka ujao tena mwingine. Na shahidi ni mimi.

"Ni mkao, Shangazi!" nikalipuka. "Unaukalia! Mimi wangu ulikufa, wa Desderia ulikufa, mtoni ulikufa! Na Edina aliniambia. Alisema shangazi yako asiteleze. Alisema hivyo, asiteleze, na mimi nilikumbuka!"

Alinipiga kofi. Hakuwa amewahi kunipiga. Kisha akakaa kitandani, mguu wake umelala sakafuni kama kitu cha kuazima. Kesho yake akamwambia Baba ampeleke zahanati.

Muuguzi alikuwa mama mnene asiye na maneno mengi. Alimchomachoma kwa sindano kuona wapi anasikia na wapi hasikii. Akatafuta mabaka kwenye ngozi, akasema ukoma nao huanza na ganzi. Akauliza kama anakunywa pombe, kama anakojoa sana, kama kuna dawa anameza. Mwisho akamwambia, "Nionyeshe unavyokaa kazini." Shangazi akashuka chini akakaa mkao wake. Muuguzi akabonyeza kwa kidole pembeni ya goti, chini kidogo, upande wa nje.

"Hapa unapita mshipa wa fahamu," akasema. "Uko juu ya mfupa, hauna nyama ya kuukinga. Ndio unaoinua kidole na kukufanya usikie juu ya unyayo. Ukiubana kidogo unakufa ganzi, ukiuachia unachomachoma, unarudi. Wewe unaubana kutwa, wiki baada ya wiki. Tafuta kigoda, mama."

Nilitegemea Shangazi amshuku. Nilimwona anajaribu. Akamtazama yule muuguzi, akautazama mguu, kisha akaniangalia mimi. Tulipofika nyumbani ndipo alipomwambia Baba, "Jumatatu nakwenda na wewe ziwani. Na huyu mtoto anakuja."

Tuliteremka na lori siku nzima, kisha boti ya injini mpaka Mbaha, Shangazi ameushika mguu wake kwa mikono miwili. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Tulimkuta Edina ufukweni anageuza usipa kwenye kichanja. Alitukaribisha, akamletea Shangazi kigoda. Shangazi hakukaa. Alisimama kwa mguu wake mmoja mzima, mtu mzima yule, akasema, "Edina, nimekukosea. Rudi nyumbani."

Edina alifuta mikono. "Wifi, wewe uliogopa mguu wako, na hukujua. Nimekusamehe zamani. Lakini kurudi sirudi. Nyumba iliyonifukuza kwa mguu, kesho itanifukuza kwa kikohozi. Mume wangu akinihitaji, njia anaijua."

Kisha akanigeukia. Maneno yote niliyopanga yakapotea.

"Shikamoo, Mama," nikasema. Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Marahaba. Mimi nilikuambia, sivyo?"

"Uliniambia."

"Na nilikuuliza mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Haya," akasema, akarudi kwenye usipa wake. Siku ile alitupikia mbasa, samaki mtamu kuliko wote wa ziwa lile, na kipande changu kilikuwa kikubwa sawa na cha wengine. Ila hakunisemesha tena.

Nimewahi kuwasimulia watu wawili watatu, nao wananiambia mtoto wa miaka tisa hana kosa. Nawashuku wanaosema hivyo. Shangazi hakujua, Baba Mkubwa hakujua, Baba hakujua. Kwenye kile kikao chote mimi peke yangu nilijua.

Shangazi akachambua kahawa juu ya kigoda, mguu ukapona, haukufa tena. Baba aliendelea kwenda ziwani, na safari zake zikaongezeka siku mbili, siku tatu, na nyumbani hakuna aliyemuuliza kitu, hata Shangazi. Alhamisi ikawa Jumamosi. Akishuka kwenye lori alikuwa na salamu za Mbaha mdomoni kabla ya mzigo: Otilia, unasalimiwa, mguu unaendeleaje, kaka naye anasalimiwa. Mimi nilikuwa nimeshasimama pale mbele yake, nimempokea mfuko, nasubiri yangu. Baba alinitazama kidogo, akaniwekea mkono kichwani, kisha akainama kuvua viatu.